California: Mahakama ilipowapunguza waandishi wake, mnyonge ndiye aliyelipa

WAHENGA walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mahakama za jimbo la California nchini Marekani zinaujua leo uzito wa usia huo, baada ya kuwapunguza kazini watu ambao sasa zinawatafuta kwa udi na uvumba.

Watu hao ni waandishi wa kumbukumbu za mahakama. Si waandishi wa habari. Hawa huketi karibu na jaji na kunakili kila neno linalotamkwa, kwa mashine ya hatimkato ambayo vitufe vyake kadhaa hubonyezwa kwa pamoja. Ili apate leseni California, mtahiniwa hana budi kuandika maneno 200 kwa dakika, kwa usahihi wa asilimia 97.5. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kumwona hakimu akiandika ushahidi kwa mkono wake, aelewe kwamba huko maandishi ya jaji si kumbukumbu rasmi.

Msukosuko ulianza na mdororo wa uchumi wa 2008, pale jimbo lilipokata bajeti ya mahakama mwaka hadi mwaka. Machi 2010 mahakama ya Los Angeles iliwaachisha kazi watumishi zaidi ya 300. Mwaka 2012 ikatangaza kufunga vyumba 56 vya kusikilizia kesi, na kuacha kutoa waandishi katika kesi za madai. Kwa kuwa sheria inamtaka mwandishi awepo katika kesi kubwa za jinai, shoka liliangukia upande wa madai.

Kwa mwandishi, ajira ya mahakama ilikuwa na maana pana kuliko mshahara. Iliambatana na bima ya afya na pensheni, na juu yake malipo ya nakala za mwenendo wa shauri, yanayohesabiwa kwa wingi wa maneno. Aliyepunguzwa alilazimika kujitegemea: analipwa siku anayoitwa tu, na asipoitwa, hana kitu. Wapo waliofanikiwa, kwani kampuni na mawakili wakubwa hulipa vizuri. Lakini kijana anayefikiria kutumia miaka kadhaa kujifunza mashine hiyo aliona wenye ujuzi wakionyeshwa mlango. Si ajabu kwamba vyuo vya fani hiyo vimepungua, huku wakongwe wakistaafu.

Mzigo ulioondolewa mahakamani haukutoweka. Ulihamia kwa wadaawa. Mwenye fedha humkodi mwandishi binafsi, kwa gharama inayoweza kupita dola 2,000 kwa siku. Asiye nazo huingia bila mwandishi, na akishindwa, rufaa yake haina miguu ya kusimamia, kwa kuwa majaji wa rufaa hawana cha kusoma. Ndivyo ilivyompata mfungwa mmoja wa San Diego aliyemshtaki daktari wa gereza. Julai 2018, katika shauri la Jameson dhidi ya Desta, Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtu aliyesamehewa ada kwa ufukara lazima apatiwe mwandishi akiomba.

Uamuzi ulikuwa wa haki, ila waandishi walikwisha kuwa adimu. Bunge la jimbo lilianza mwaka 2021 kutenga dola milioni 30 kwa mwaka ili kuajiri waandishi, na mwaka 2023 mahakama ya Los Angeles ikaahidi kitita cha hadi dola 50,000 kwa atakayekubali kuajiriwa. Hata hivyo pengo halikuzibika. Septemba 2024 mahakama hiyo iliruhusu vinasa sauti katika baadhi ya mashauri ya ndoa, mirathi na madai pale mwandishi anapokosekana, ingawa sheria ya jimbo haikuviruhusu humo.

Vyama vya waandishi vinaona mashine inakuja kuwanyang'anya tonge. Mahakama inajibu kwamba mama anayeomba ulinzi dhidi ya mume mkatili hawezi kusubiri. Pande zote mbili zina hoja, lakini mzozo huu ulizaliwa na bajeti, si na mashine. Ujuzi unaojengwa kwa miaka hufutwa kwa barua moja, na kuurudisha hakuhitaji fedha tu, bali muda. Serikali zinapobana matumizi, zijiulize kwanza ni nani atakayelipa kile kinachoitwa akiba.