Printa ni Yako, Ruhusa ni Yao

Jamani, kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha, kwa hivyo mtu akiniambia printa "imekataa tu" baada ya sasisho, kana kwamba ni mvua imenyesha, sinyamazi. Programu haibadiliki tabia yenyewe. Kuna mtu aliketi akaandika: soma chipu ya katriji, ikiwa si yetu, simamisha kazi. Akaijaribu, kisha akakutumia usiku kupitia intaneti unayoilipia wewe.

Hapa Makadara hilo si mzaha. Karibu na mahakama kuna saiba zinazoishi kwa karatasi: hati za viapo, risiti za eCitizen, vyeti vya KRA. Rafiki yangu mwenye saiba aliniita juzi. Printa yake (kampuni sitaitaja, ila si HP) ilikuwa imechapa mwaka mzima kwa katriji za kujazwa. Asubuhi hiyo ikasema haizitambui. Foleni imefika mlangoni, mama mmoja anataka karatasi za dhamana ya mwanawe! Tukapiga simu ya huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki... halafu: zima, washa, nunua katriji halisi. Nikauliza kama naweza kurudisha fimwea ya zamani, yaani ile programu iliyo ndani ya mashine. Haiwezekani, nikaambiwa, mashine haipokei toleo la nyuma.

Mchezo huu una historia. Septemba 2016 printa kadhaa za HP ziligomea katriji za watengenezaji wengine. Kelele zilipozidi, HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri (si kwa kufunga, angalia hapo!) na ikatoa fimwea ya hiari ya kuondoa kizuizi. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10. Je, waliacha? Januari 2024 mkuu wake, Enrique Lores, aliiambia CNBC kwamba virusi vinaweza kupitia katriji, na kwamba mteja asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya kwao.

Tuseme hivyo virusi vipo. Ikiwa chipu ndogo ya wino inaweza kuambukiza printa, basi tundu liko kwenye printa. Aliyeitengeneza ni nani? Si fundi wa kujaza wino pale Jogoo Road.

Kenya tuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa taarifa za kumwezesha kufaidika nazo. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Basi kizuizi kiandikwe kwenye boksi kabla sijalipa, sasisho liombe ruhusa, na njia ya kurudi nyuma iachwe wazi. Mamlaka ya Ushindani ina kazi hapo.

Kwa sasa, mwenye saiba, ingia kwenye menyu ya printa uzime masasisho ya kiotomatiki. Afadhali zaidi, iondoe kwenye Wi-Fi utumie waya wa USB. Utakosa viraka vya usalama, na printa zenye matundu ya kweli zipo. Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa: wamechanganya dawa na sumu kwenye chupa moja, sasa tunawashauri watu waache dawa.