Kababu za watoto huku kwetu Nangwa

Huku Nangwa, chini ya Mlima Hanang, nyama ipo lakini mashine ya kuisagia ni ya kutafuta. Kisu kikali kinatosha: katakata steki isiyo na mishipa mpaka iwe laini, halafu iponde kwenye kinu. Mimi huchanganya na maini kidogo, maana mtoto akishatimiza miezi 6 maziwa ya mama peke yake hayamtoshelezi tena madini ya chuma, na uji mtupu wa mahindi hauzibi pengo hilo. Badala ya mkate, shikiza kwa kiazi lishe kilichopondwa na yai. Chumvi na pilipili acha. Viringisha kababu, uzipike ndani ya mchuzi wa nyanya, usikaange. Zinabaki laini, na nyanya husaidia mwili kufyonza chuma. Ziive hadi katikati pasiwe na wekundu.

Tafadhali mama wenzangu, msimpe mtoto kababu nzima ya mviringo, inaweza kuziba koo! Wa chini ya mwaka mpondee na mchuzi, mkubwa kidogo mkatie vipande vidogo, ale akiwa ameketi. Chai ya kushushia nayo tuwanyime, inazuia chuma hichohicho.