Kinyozi si mchawi, mpe mfumo

Wiki iliyopita mpwa wangu alirudi kutoka saluni amevaa kofia. Jua lilishazama zamani. Nikajua hapa kuna msiba.

Dogo alifuga nywele miezi saba. Alitaka juu zijae, pembeni zishuke taratibu, kama anavyowaona mawinga wa Ulaya kwenye TV. Alipokaa kwenye kiti akasema maneno mawili tu: "Piga fedi." Kisha akainamia simu kuangalia magoli. Kunyanyua kichwa, mashine imeshapita juu ya masikio, inaelekea utosini. Jumapili kulikuwa na mechi ya mtaa, akagoma kwenda. Timu ikacheza bila beki wake wa kushoto, ikalala 3-1.

Nyumbani wote wanamlaumu kinyozi. Mimi nakataa. Kadi nyekundu hii ni ya dogo mwenyewe.

Fedi na tepa si kitu kimoja. Fedi inapanda: kinyozi anaanza chini karibu na ngozi, anapandisha kuzunguka kichwa chote. Tepa inakaa mahali pawili tu, kwenye sharafa mbele ya masikio na nyuma ya shingo. Kwingine kote nywele zinabaki. Ndiyo maana anayetaka nywele zijae anaomba tepa ya chini. Ukiomba fedi ya juu, ujazo umeutoa mwenyewe.

Kwa hiyo ongea kama kocha anayepanga kikosi. Mwambie: "Kaka, juu usipitishe mashine. Zichane kwa chanuo, sawazisha ncha kwa mkasi. Sharafa na nyuma ya shingo anza na namba moja, malizia na namba mbili. Usipande juu ya sikio." Namba moja inaacha kama milimita 3, namba mbili kama 6. Halafu weka simu mfukoni, angalia kioo.

Picha ni nzuri, lakini beba tatu: ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma. Tena iwe ya mtu mwenye nywele kama zako. Kipilipili hakilali kama nywele za Jack Grealish, hata kinyozi awe nani.

Na usiige kwa kuwa staa kafanya. Kombe la Dunia 2002, Ronaldo wa Brazil alinyoa kichwa chote akaacha kipande mbele. Alieleza kwamba alitaka waandishi waache kuongelea jeraha lake. Akafunga mabao yote mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani, na watoto wakakimbilia kwa vinyozi. Baadaye mwenyewe aliwaomba radhi akina mama. Lakini yeye alijua anachokitafuta. Wewe je?

Nywele za dogo zitaota tena. Pointi tatu za Jumapili ndiyo basi.