Somo la Uzazi Lifundishwe kwa Majina Yake

Miongoni mwa mada zilizomo katika somo la Sayansi kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, hakuna inayofundishwa kwa woga kama ile ya mfumo wa uzazi wa binadamu. Mwanachuo aliyefundisha mmeng'enyo wa chakula kwa ufasaha, akachora ini na utumbo ubaoni bila kusitasita, akiifikia mada hii hubadilika. Huandika kichwa cha somo, husoma aya mbili za kitabu kwa haraka, kisha huwaambia wanafunzi wamalizie wenyewe nyumbani. Sisi tulio na kazi ya kukagua mazoezi ya kufundisha tumelishuhudia jambo hili mara nyingi mno, hata hatuwezi kuliita udhaifu wa mtu mmoja. Limekuwa desturi, na maoni yetu ni kwamba desturi hii haina budi kuachwa.

Tunayodai katika makala haya ni mambo matatu: kwamba viungo vya uzazi vifundishwe kwa majina yake, kwamba kazi ya viungo hivyo ifundishwe hatua kwa hatua kama kazi ya moyo au mapafu, na kwamba yote hayo yafanyike kabla mwanafunzi hajabaleghe, si baada ya mambo kuharibika. Wahenga walikwisha sema kwamba mficha uchi hazai.

Lugha tatu za jambo moja

Mtoto wetu huingia darasani akiwa na lugha mbili za mambo ya uzazi. Ya kwanza ni lugha ya matusi, aliyoiokota njiani na uwanjani. Ya pili ni lugha ya mafumbo, aliyoisikia kwa watu wazima: sehemu za siri, kuvunja ungo, kuingia mwezini. Mafumbo yana heshima yake, wala hatusemi yafutwe katika mazungumzo ya wakubwa. Lakini fumbo humfaa yule anayelijua jambo tayari. Asiyelijua hubaki na maneno matupu, na mahali penye maneno matupu mtoto hujaza kwa uvumi wa wenzake.

Kuna lugha ya tatu, nayo ni ya elimu. Humo tuna uume, korodani, uke, ovari, mirija ya falopio, mji wa mimba, manii, hedhi. Maneno haya si matusi wala si mafumbo. Kazi ya mwalimu ni kumpa mtoto lugha hii ya tatu, kwa sababu hakuna mwingine atakayempa. Darasa litacheka siku ya kwanza, na licheke. Mwalimu akilitaja neno kwa sauti ile ile aliyotajia figo, akaliandika, akawataka walinakili, kicheko hakitafika mwisho wa kipindi. Lakini mwalimu akiinamisha kichwa, darasa zima hujifunza kwamba neno hilo ni aibu.

Jambo hili lina uzito kuliko mtihani. Mtoto asiye na jina la kiungo chake hana namna ya kueleza alichofanyiwa. Akidhalilishwa na jirani au jamaa, atasema tu kwamba aliumizwa "kule", na mkubwa anayemsikiliza huenda asimwelewe, au akaona afadhali asimwelewe. Mtoto aliyefundishwa majina anaweza kusema mbele ya mama yake, mbele ya mwalimu, na hata mbele ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, maneno yasiyoweza kupotoshwa. Na mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba sehemu hizo ni za siri hushawishika upesi na mtu mwovu amwambiaye, "Hii iwe siri yetu."

Makosa yaliyojificha ndani ya maneno

Mwanachuo anapoandaa somo hili na aanze kwa kujiuliza wanafunzi wake wanaamini nini. Yapo makosa mawili yanayotokana na lugha yetu wenyewe.

La kwanza ni neno "tumbo". Kwa Kiswahili chakula kimo tumboni, na mtoto naye yumo tumboni. Si ajabu basi kwamba watoto wengi hudhani mimba hukaa pamoja na ugali, na kwamba mtoto hula anachomeza mama yake. Dawa yake ni mchoro. Mwalimu achore mji wa mimba mahali pake, katika nyonga, nyuma ya kibofu cha mkojo na mbele ya utumbo mpana, aeleze kwamba kabla ya mimba ukubwa wake ni kama wa pera, na kwamba hauna njia yoyote ya kuungana na mfuko wa chakula. Kisha aonyeshe kondo la nyuma na kitovu, na jinsi chakula na hewa ya oksijeni vinavyopita kutoka damu ya mama kwenda damu ya mtoto bila damu hizo mbili kuchanganyika. Achore pia tundu la mkojo la mwanamke mbali na uke, kwa maana wapo watu wazima wasiojua kwamba hizo ni njia mbili, ilhali kwa mwanamume mkojo na manii hupita njia moja.

La pili ni neno "mbegu". Tunasema mbegu za kiume, na vitabu vyetu husema hivyo. Lakini mbegu ya mkulima ni mmea mzima uliolala. Hukosa udongo na maji tu. Mtoto anayefuata mfano huo huhitimisha kwamba mtoto mzima hutoka kwa baba, na mama ni shamba tu. Ukweli ni kwamba yai la mama na mbegu ya baba huchangia urithi nusu kwa nusu. Tuna mfano ulio bora zaidi, nao umesimama nyuma ya shule zetu nyingi: mhindi. Chavua ya maua ya kiume yaliyo kileleni huangukia ndevu za hindi. Kila uzi wa ndevu umeungana na ovuli moja, na punje huanza tu chavua inapoifikia ovuli hiyo. Uzi usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Mwanafunzi aliyelishika gunzi lenye mapengo mkononi hatasahau kwamba lazima pande mbili zikutane. Mwalimu aseme waziwazi: mbegu ya kiume ni mfano wa chavua; mbegu halisi, ile inayoota, hupatikana baada ya kuungana.

Hapo ndipo pa kutaja pia jinsia ya mtoto. Mayai yote ya mama hubeba kromosomu X. Mbegu za baba ni za aina mbili, zenye X na zenye Y, na ndizo zinazoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Wanawake wangapi wamefukuzwa kwa kuzaa mabinti watupu! Kijana aliyefundishwa sentensi hizi chache hatamtenda mkewe hivyo.

Hesabu ya mwezi

Sehemu ya hedhi ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoweza kufundishwa kwa hesabu za darasa la nne. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kuamkia hedhi ijayo. Kwa wanawake wengi huwa kati ya siku 21 na 35. Yai hutoka katika ovari takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, wala si siku 14 baada ya iliyopita. Yai huishi siku moja hivi; mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5.

Mwalimu na aandike ubaoni mizunguko mitatu: siku 28, siku 35 na siku 24, kisha wanafunzi watoe 14 katika kila mmoja. Watapata siku ya 14, ya 21 na ya 10. Halafu watoe 5 katika kila jibu. Kwa mzunguko wa siku 24 watafika siku ya 5, ambapo huenda hedhi yenyewe haijakatika. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuuangusha uvumi kwamba mara tu baada ya hedhi msichana hawezi kushika mimba. Mwalimu aongeze kwamba miaka ya mwanzo baada ya kubaleghe mzunguko haujatulia, hivyo "siku salama" za msichana mdogo hazihesabiki. Aongeze pia kwamba yai la kwanza huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Kwa hiyo hata msichana ambaye hajawahi kuona hedhi anaweza kupata mimba.

Wavulana wawepo darasani. Mvulana asiyejua hedhi ni nini ndiye anayemcheka msichana mwenye doa kwenye sketi, na ndiye atakayekuwa baba asiyeelewa.

Kuzuia mimba ni kukata mnyororo

Mwanafunzi aliyeelewa hatua za kutunga mimba haoni tena njia za uzazi wa mpango kama orodha ya kukariri. Kila njia hukata mnyororo mahali fulani. Kondomu huzuia mbegu za kiume zisiingie, na ndiyo njia inayopunguza pia hatari ya virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Vidonge, sindano ya kila miezi 3 na vipandikizi hutumia homoni ili yai lisitoke au ili ute wa shingo ya mji wa mimba uwe mzito. Kitanzi cha shaba huzivuruga mbegu za kiume zisilifikie yai. Kufunga kizazi huziba mirija. Kutokufanya ngono huacha mnyororo wote bila kuanza, nako ndiko kunakomfaa mtoto wa shule. Hayo ya ute mzito na mirija mwanachuo ayajue yote. Darasani atatoa kiasi kinacholingana na muhtasari na umri wa wanafunzi. Ila akiulizwa swali la kweli asijibu kwa uongo. Ajue pia kwamba kuruka-ruka, kuoga maji ya baridi, au kusema "ilikuwa mara ya kwanza" hakukati mnyororo popote.

Pingamizi mbili

Wako wanaosema kwamba tukiwafundisha watoto tutawaamsha. Hoja hii imechunguzwa. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018, kwa kupitia tafiti za nchi nyingi, ulieleza kwamba elimu hii haiongezi ngono miongoni mwa vijana, na kwamba baadhi yao huchelewa kuanza. Kwa upande wetu, utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Ukimya wetu haukuwakinga. Mwili wa msichana mdogo haujakomaa kwa uzazi. Nyonga yake ni nyembamba, na uchungu unaokwama kwa muda mrefu huweza kumuua au kumwachia fistula. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni, nasi twalipokea jambo hilo kwa furaha. Lakini kumrudisha msichana shuleni hakuondoi wajibu wetu wa kumfundisha kabla.

Wengine husema kwamba haya ni mambo ya kungwi na unyago, si ya ubaoni. Nasi hatuwadharau makungwi. Katika pwani yetu mwanamke amfundishaye mwari huitwa somo, kwa neno lile lile tunaloandika juu ya ratiba ya vipindi. Wazee walijua kwamba hili ni la kufundishwa. Lakini somo wa zamani alimwandaa mwari aliyekaribia kuolewa, na watoto wengi wa leo hawana somo wala kungwi. Mtoto asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa sasa umo ndani ya simu.

Njia ya kushirikiana na wazazi ipo. Kabla ya mada kuanza, mwalimu mkuu awaite wazazi, waonyeshwe michoro ile ile watakayoonyeshwa watoto, nao waulize. Shabaha ni mzazi asikie majina kutoka kwa mwalimu kabla ya kuyasikia kwa mwanawe. Mafundisho ya dini na ya nyumbani juu ya kujizuia yataendelea pale pale, Sayansi haiyapingi.

Kwa mwanachuo

Tunashauri basi kwamba andalio la somo hili liwe kamili kuliko mengine yote. Mchoro uandaliwe mapema kwenye karatasi ya manila, majina yote yakiwa yameandikwa. Pawepo na kisanduku cha maswali yasiyo na majina, na yajibiwe katika kipindi kinachofuata, ili mwalimu apate muda wa kuuliza muuguzi wa zahanati asiyoyajua. Maswali ya faraghani yajibiwe mlango ukiwa wazi, na msichana aelekezwe kwa mwalimu wa kike inapowezekana. Mwalimu akumbuke pia kwamba, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wanafunzi nao walijue hilo, na walijue kutoka kwetu.

Mwishoni mwa mada, mpe kila mwanafunzi mchoro usio na majina aujaze. Wakiweza kuujaza wote, wavulana kwa wasichana, bila kunong'ona, mwalimu utakuwa umefundisha.