Sindano ya mgongo: uliza jina la dawa
Desemba 2020 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, iliwaonya madaktari: asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ilikuwa ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo badala ya ganzi. Chupa zinafanana, hata rangi ya vifuniko. Madhara yake ni degedege, kupooza, hata kifo.

Ndugu zetu wa Louisville, Columbus na Buffalo mnaochomwa sindano kwa maumivu ya mgongo, hatari ya chupa kufanana inawahusu pia. Kusoma lebo ni wajibu wa mhudumu, si wa mgonjwa. Hata hivyo ulizeni kabla ya sindano: ni dawa gani hiyo? Kiingereza kikiwa kigumu, daini mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kumtoa bure. Kumheshimu daktari si kunyamaza.