Kichomi Kisikukatize Mbio

Jumamosi moja alfajiri, nikitoka dukani kununua maziwa, nilimkuta jirani yangu ameketi kando ya barabara ya mtaa wetu. Mkono mmoja alikuwa ameubana ubavuni, upande wa kulia chini ya mbavu, na jasho lilikuwa likimtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Dada," akaniambia kwa sauti ya kukata tamaa, "mambo ya mbio yamenishinda. Nafikiri ni moyo."

Jirani huyu ni baba wa watoto watatu. Kazi yake ni ya kuketi afisini kutwa, na mwezi uliotangulia daktari alikuwa amemwonya kwamba shinikizo lake la damu limeanza kupanda. Aliambiwa apunguze chumvi, apunguze uzani na afanye mazoezi. Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu ya kukimbia, na tayari alikuwa ameapa kwamba ingekuwa ya mwisho.

Kwa kuwa hali yake haikuruhusu mzaha, nilimsihi arudi kwa daktari siku iyo hiyo. Akapimwa moyo, ukaonekana hauna neno. Kilichomketisha barabarani ni kichomi tu, kile kile kinachowapata watoto wa shule wakifukuzana uwanjani.

Ndugu msomaji, nimeamua kulizungumzia jambo hili kwa sababu watu wengi jijini huanza mbio kwa ari kubwa, kisha wakaziacha wiki ya kwanza kwa ajili ya maumivu haya. Isitoshe, wako wanafunzi ambao huchekwa na kuitwa wazembe wanapojishika mbavu katikati ya mbio za nyika. Huo si uzembe. Watafiti wawili wa Australia, Morton na Callister, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kuwahoji wanamichezo. Karibu wakimbiaji 7 kati ya kila 10 walisema walikuwa wamepatwa na kichomi katika mwaka mmoja uliopita. Waogeleaji nao hawakusazwa.

Je, husababishwa na nini? Wataalamu hawajaafikiana. Wako wanaokilaumu kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na kutusaidia kupumua, kwamba hukosa damu ya kutosha. Wengine husema ni kano zinazoshikilia viungo vya tumboni, ambazo huvutwa kila mguu unapokanyaga chini. Na wako wanaoamini kuwa utando laini uliotanda ndani ya ukuta wa tumbo ndio unaosuguliwa, hasa tumbo likiwa limejaa.

Hata hivyo, yanayokichochea yanajulikana vyema: kula au kunywa kwingi kabla ya mbio, hasa vinywaji vitamu, na kukimbia kwa kasi kabla mwili haujazoea.

Nilipomdadisi jirani yangu, siri ikafichuka. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa kwa chapati mbili, ati apate nguvu. Dakika 15 baadaye alikuwa barabarani, akijaribu kwenda sambamba na vijana wanaojiandaa kwa Nairobi Marathon! Kumbuka pia kwamba Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Asiyezoea mazoezi hutweta upesi hapa.

Ufanyeje basi? Kwanza, baada ya mlo, acha muda wa saa 2 au zaidi upite kabla ya kukimbia. Ukiwa na kiu, kunywa maji mafunda machache machache badala ya kuibugia chupa nzima.

Pili, anza kwa kutembea dakika 5 hadi 10. Kisha kimbia polepole dakika moja, tembea dakika mbili, urudie. Kipimo cha mwendo ni rahisi: ukiweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi, unakwenda vizuri. Ukishindwa, umejipita.

Tatu, kichomi kikikushika, usishindane nacho. Punguza mwendo au utembee. Vuta pumzi ndefu, kisha uitoe polepole kwa mdomo, kama anayepuliza chai ya moto. Bonyeza kwa vidole mahali panapouma huku umeinama mbele kidogo. Au inua mkono wa upande unaouma, ujinyooshe ukiegemea upande wa pili. Aghalabu kitaachilia baada ya dakika chache.

Tulipokuwa watoto tuliambiana kwamba dawa ya kichomi ni kuokota kijiwe na kukifumbata kwenye kiganja. Sasa naona kijiwe hakikuwa na dawa yoyote. Kilichotuponya ni kule kusimama na kuinama kukiokota.

Lakini si kila maumivu ni ya kupuuzwa. Ukihisi kifua kinabanwa, au maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, au ukipata kizunguzungu, nenda hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo kama maumivu ya ubavuni hayakomi hata baada ya kupumzika. Nanyi wazazi, mjue kwamba neno kichomi hutumiwa pia kwa homa ya mapafu. Mtoto mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa na kikohozi, anayepumua mbio mbio hata akiwa amelala, asiambiwe ni michezo ya jana. Mpelekeni kwa daktari mara moja.

Na jirani yangu? Jumamosi iliyopita nilimwona tena alfajiri, akitembea na kukimbia kwa zamu, mwanawe mdogo akiwa kando yake. Wale vijana walimpita kama upepo, naye hakujali. Aliponifikia alinipungia mkono bila kusimama.

"Chai inaningoja nyumbani, dada," akasema. "Siku hizi sinywi mpaka nirudi."