Bakuli la China limehifadhiwa, picha zake je?

Ukiingia jumba la makumbusho la Ngomeni, Mombasa, au lile la Gedi, hutakosa kuonyeshwa vigae vya China. Viko ndani ya kioo, sahani na mabakuli, navyo vyatushuhudia kwamba wazee wetu wa pwani walikuwa wakinunua vyombo vya China kabla Mreno hajatia nanga. Hilo twalitaja kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini China ilikuja kwetu mara ya pili, safari hii ndani ya makopo ya mikanda ya sinema, nayo hii ya pili sijaiona kwenye kioo chochote. Nasema habari za picha za kung fu.

Yaliyonifanya niandike ni mambo ya Washington, Marekani. Huko kuna jumba la makumbusho liitwalo Freer, lililofunguliwa mwaka 1923, linalosifika kwa vyombo vya kale vya China na kwa kazi za mikono za nchi za Kiislamu. Jumba hilo lilianza katika miaka ya 1990 kufanya tamasha la picha za Hong Kong kila kiangazi cha kule, za Kikantoni na za Kimandarini, na mtazamaji akaingia bure. Wakubwa wa pale hawakuona aibu kuwaweka mabingwa wa mateke chini ya paa moja na bakuli la mfalme.

Sasa tutazame Nairobi. Makumbusho ya Taifa yako pale kilimani tangu 1930, kati ya jiji na Westlands, na abiria wa Kangemi hupita karibu nayo kila asubuhi akienda kazini. Ndani mna ukumbi uitwao kwa jina la Louis Leakey. Mna ndege waliokaushwa, mna mafuvu ya watu wa kale, na yote ni elimu. Ila yule abiria, ukimwuliza China ameijulia wapi, hatakutajia sahani. Atakutajia Bruce Lee.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia Nairobi, na picha hizi nilianza kuziona Regal na Naaz kabla ya kuzifuata Odeon na Cameo. Katikati ya jiji wakati huo mtu alikuwa na pa kuchagua. Kulikuwa na Kenya Cinema na Twentieth Century kwa wenye suti, na Odeon kwa sisi tuliotaka picha mbili kwa kiingilio kimoja. Watu walipiga miluzi, wakamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma yake, na wakati wa kutoka kila kijana alikuwa akirusha teke hewani. Leo Odeon ni jina ambalo makondakta huliita wakitafuta abiria. Vijana wanaoshuka hapo wengi hawajui kwamba palikuwa na sinema.

Wako watakaosema picha zile zilikuwa upuuzi, midomo ikisema hili na sauti ikisema lile. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Siku zile studio za Hong Kong zilipiga picha kimya, kisha sauti zikatiwa baadaye. Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973, lugha yake ilikuwa Kikantoni, lakini The Big Boss ya mwaka 1971 ilitolewa kwa Kimandarini, kwa sauti ya mtu mwingine. Sisi tukaja kuzipata picha hizo zimetiwa Kiingereza. Basi tangu kuzaliwa kwake picha ya kung fu ni mwili wa mtu mmoja na sauti ya mwingine, na kila nchi iliyoipokea ikaipa ulimi wake.

Nasi tumeupa wetu. Nenda Kawangware au Kangemi, uingie kibanda cha mabati chenye mabenchi na runinga moja, usikilize. Mchina anaruka, na juu yake inasikika sauti ya mtu akieleza kwa Kiswahili ni nani anayelipiza kisasi cha nani, akiongeza dhihaka ambayo Hong Kong haikuijua. DJ Afro amejipatia jina Kenya nzima kwa kazi hiyo. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wanaye VJ Jingo, naye hutumia Kiganda.

Najua sisi wa pwani twasemaje. Twasema kile si Kiswahili, ni mchanganyiko wa bara, ngeli zimevunjika na nusu ya maneno ni Sheng. Ni kweli, na mara nyingine masikio yangu huuma. Lakini nauliza: ni nani kati yetu wenye lugha fasaha aliyejitolea kumsimulia mchukuzi wa Kawangware picha ya kigeni aielewe? Mashairi twajua kuyatunga, na kusahihishana twajua sana. Kazi hii tuliwaachia wengine, wakaifanya.

Wachina wenyewe wameyaona mashindano haya ya lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kikantoni kilikuwa karibu kutoweka katika sinema za Hong Kong, mji wa watu wasemao Kikantoni, kwa kuwa Kimandarini ndicho kilichohesabiwa lugha ya picha kubwa. Kisha mwaka 1973 Chor Yuen akatoa The House of 72 Tenants kwa Kikantoni, habari za wapangaji waliosongamana katika nyumba moja, mwenye nyumba ni mama mkali, na maji ya bomba yafungwa mpaka watu walipe. Picha hiyo iliingiza pesa Hong Kong mwaka huo kuliko hata Enter the Dragon. Hamna kung fu ya kutajwa ndani yake. Lakini mpangaji yeyote wa Kangemi aliyewahi kupanga mtungi foleni ataielewa kabla haijafika nusu.

Ningekuwa na sauti pale kilimani, ningeanza na picha hiyo, na msimulizi wa kibandani akae na kipaza sauti mbele ya watu, na usimulizi wake urekodiwe uwekwe ghalani kama vinavyowekwa vigae. Nakala halali zipo. Kampuni ya Celestial ilinunua hazina ya picha zaidi ya 700 za Shaw Brothers mwaka 2000, ikazisafisha. Wala nisingeuachia ubalozi wowote kuchagua. Balozi huchagua picha zinazoipendezesha serikali yake, nasi twataka zile zilizotupendeza sisi.

Kwa wazazi wenye wasiwasi wa dini, nasema wana haki ya kuuliza. Mahekalu yale si yetu, na Drunken Master ya 1978, pamoja na umaarufu wake, ni picha ya ulevi ambayo nisingewapeleka watoto wa chuoni. Lakini The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka huohuo yamwonyesha mwanafunzi akibeba maji kwa mikono iliyonyooshwa, visu vimefungwa mikononi asiishushe, muda mrefu kabla hajafundishwa pigo hata moja. Aliyesoma kwa maalimu wa zamani, akafagia ua na kuteka maji ndipo afunguliwe juzuu, hahitaji msimulizi hapo.

Kiangazi cha Washington ndio baridi ya Nairobi. Julai mji huu ni manyunyu na makoti, na ukumbi wenye watu mia mbili ni mahali pazuri pa kujipasha moto. Wakubwa wa makumbusho watoe ukumbi na umeme Jumamosi nne tu. Kahawa chungu na tangawizi nitaleta mimi.